Tanga kwa Baiskeli: Pwani, Mkonge na Mlima

Jiji la Tanga limekaa kwenye ghuba iliyo kaskazini mwa pwani ya Tanzania, na nchi inayolizunguka ni tambarare. Kutoka bandarini mtu anaweza kuendesha baiskeli kilomita 30 kuelekea kusini, magharibi au kaskazini bila kukutana na kilima cha kumlazimisha ashuke asukume. Ardhi ya namna hii ndiyo iliyoifanya baiskeli ya Tanga iwe chombo cha kila mtu. Wakazi huitumia kwenda sokoni, kazini, shambani, shuleni na msikitini, na keria ya nyuma hubeba abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa na madumu ya maji. Mgeni anayetaka kulifahamu jiji hili pamoja na vijiji vyake hana chombo kinachomfaa zaidi ya hicho. Kwa miguu atachoka kabla hajafika mbali, na kwa gari atapita mambo mengi bila kuyaona.

Barabara kuu zinazotoka Tanga ni tatu. Ya kusini inafuata pwani hadi mji wa Pangani. Ya magharibi inakwenda Muheza na kuendelea hadi Segera, inapokutana na barabara ya Dar es Salaam na Arusha. Ya kaskazini inakwenda Horohoro, mpakani mwa Kenya. Kati ya hizo kuna njia nyingi za vumbi zinazopita kwenye mashamba ya mkonge na minazi, na ndani ya jiji lenyewe ipo rasi ya Raskazone, ambayo inatosha kwa matembezi ya asubuhi moja. Kujua umbali wa njia hizi ni jambo rahisi. Jambo linalohitaji maarifa ni kuchagua njia gani iendeshwe mwezi gani, na saa ngapi, kwa sababu pwani hii inatawaliwa na upepo.

Majira ya upepo ni yale yale yaliyoongoza majahazi kwa karne nyingi. Kusi huanza kuvuma Aprili, hukaza Juni na Julai, kisha hupungua makali wakati wa demani. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Baina ya mivumo hiyo miwili kuna maleleji, wakati upepo unapogeuka na usiaminike. Kwa mwendesha baiskeli, kusi na kaskazi vina uzito sawa na milima ya nchi nyingine. Kwenye ardhi tambarare, kizuizi kikubwa cha baiskeli ni hewa, na ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ya hewa inayompiga mtu usoni ikiongezeka maradufu, nguvu inayomrudisha nyuma huwa mara nne. Mtu anayekwenda Pangani alasiri ya Julai, kusi ikiwa imekaza, hutumia jasho la mpanda mlima ingawa barabara imelala kama meza.

Upepo wa pwani una tabia moja inayosaidia. Alfajiri hulegea, kwa kuwa nchi kavu imepoa usiku, kisha hukua kadiri jua linavyopanda, na mchana kutwa huwa na nguvu. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi kwa njia ile ile hupangwa hivi: asubuhi mtu huanza kwa kuukabili upepo wakati ungali dhaifu, kisha hurudi mchana ukiwa umekaza na unamsukuma mgongoni. Wakati wa kusi njia inayofaa kwa mpango huo ni ya kusini, yaani Pangani. Wakati wa kaskazi ni ya kaskazini, yaani Horohoro. Anayefanya kinyume chake huenda haraka sana mwanzoni, akajiona ana nguvu, kisha akalipa deni lote njiani wakati wa kurudi, jua likiwa utosini.

Mvua nayo ina hesabu yake. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba. Barabara za lami hupitika muda wote, lakini njia za udongo huwa utelezi, na tope jekundu la mashambani hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Miezi mizuri kuliko yote ni Juni hadi Septemba: joto limepungua, mvua ni chache, na kusi inajulikana inakotoka. Januari na Februari ni miezi ya joto kali, na safari yoyote ndefu inapaswa kuanza saa kumi na mbili asubuhi ili kazi kubwa iwe imekwisha kabla ya saa nne.

Njia fupi kuliko zote ni ya Raskazone. Inaanzia katikati ya mji, kwenye bustani inayotazama bandari, inafuata ukingo wa ghuba kuelekea mashariki, inapita Hospitali ya Bombo pamoja na jengo lake la zamani la Kijerumani linaloelekea baharini, kisha inaingia kwenye nyumba zenye bustani kubwa na miti mirefu. Mzunguko mzima, kwenda na kurudi, haufiki kilomita 10. Barabara ina kivuli, magari si mengi, na upande mmoja bahari inaonekana pamoja na Kisiwa cha Toten kilicho katikati ya ghuba. Ndiyo njia ya kumfundishia mtoto au mtu mzima anayeanza.

Utulivu wa Raskazone hauonyeshi yaliyowahi kutokea hapo. Mwanzoni mwa Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa na miezi michache, meli za Uingereza zilishusha kwenye rasi hii maelfu ya wanajeshi, wengi wao kutoka India, ili waiteke Tanga. Majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa askari Waafrika, yalikuwa machache mno kuliko yale ya wavamizi, lakini yaliwashinda na kuwarudisha melini kabla ya juma kwisha. Makundi ya nyuki yaliyochokozwa na risasi yaliongeza vurugu, na habari ya nyuki hao imedumu katika masimulizi ya vita hivyo hadi leo. Anayezunguka rasi kwa baiskeli anapita kwenye uwanja wenyewe wa mapigano, na kwa dakika chache anaelewa jinsi eneo lilivyokuwa dogo.

Upande wa pili wa reli kuna Ngamiani, na hapo ndipo mtu anapoiona baiskeli ya Tanga katika kazi yake ya kila siku. Mitaa yake imenyooka na kukatana kwa pembe mraba, na barabara zake zinaitwa kwa namba, kuanzia barabara ya kwanza na kuendelea hadi kupita ya ishirini. Mpangilio huo unamfaa sana mgeni, kwa kuwa akipotea anaulizia namba tu. Mafundi baiskeli wamekaa vibarazani na kwenye kona chini ya miti, wakiwa na beseni la maji la kutafutia pancha, pampu ya kusimama na kopo la spoki za kila urefu. Kabla ya safari yoyote ndefu inafaa kupita kwa fundi hapa, kwa sababu vijijini spea zinazopatikana ni za baiskeli za kawaida kama Phoenix, na tyubu ya baiskeli nyembamba ya mashindano ni adimu. Kwenye reli inafaa kukata kwa pembe mraba, kwani tairi jembamba likiingia katika mfereji wa chuma hunasa na kumwangusha mtu.

Hatua inayofuata ni Amboni. Barabara ya Horohoro inavuka Mto Mkulumuzi, na baada ya kilomita chache njia ya vumbi inaingia kushoto kuelekea kijiji cha Kiomoni na Mapango ya Amboni. Umbali kutoka mjini ni kama kilomita 8. Mapango haya yamechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ambayo umri wake unahesabiwa kwa zaidi ya miaka milioni 100, na ni eneo kubwa kuliko linavyoonekana juu ya ardhi. Yapo mapango kadhaa, lakini wageni huingizwa katika moja tu, wakiongozwa na mtu mwenye tochi. Ndani kuna popo, kuna nguzo za chokaa zilizotokana na matone, na kuna vyumba vya matambiko ambamo watu huacha sadaka. Masimulizi ya kwamba njia za chini kwa chini zinafika Mombasa au Kilimanjaro ni maarufu sana, ila wapimaji wa mapango hawakuyathibitisha. Habari nyingine inayosimuliwa ni ya Osale Otango, mtoro wa miaka ya 1950 aliyejificha humo akisakwa na serikali ya kikoloni.

Kwa baiskeli, safari ya Amboni ina faida kwamba mtu anaweza kuiunganisha na chemchemi za maji ya moto yenye salfa zilizo karibu na Mto Zigi, zinazojulikana kwa jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Njia za huko ni za udongo na mawe madogo. Tairi la upana wa milimita 35 au zaidi linatosha, na baiskeli ya kawaida ya mjini inafika bila taabu. Baiskeli ya mashindano ingefaa iachwe nyumbani siku hiyo.

Njia ya Pangani ndiyo bora ya Tanga. Ina urefu wa kilomita 50 hivi, na kwa miongo mingi ilikuwa ya udongo na changarawe, yenye vumbi wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Ujenzi wa lami ulioanza mwishoni mwa muongo wa 2010, kama sehemu ya barabara ya pwani ya kwenda Saadani hadi Bagamoyo, umeigeuza kabisa. Waendeshaji waliokuwa wakifika Pangani mchana wakiwa wekundu kwa vumbi sasa wanaweza kufika kabla chai ya asubuhi haijaisha vibandani. Kilichopungua ni kinga waliyopewa na ubovu wa barabara: magari sasa yanakwenda kasi, na mwendesha baiskeli anapaswa kushika kushoto na kuvaa nguo zinazoonekana.

Kituo cha kwanza cha maana ni Tongoni, kama kilomita 18 kutoka mjini. Upande wa bahari, chini ya miti, kuna magofu ya msikiti wa karne za 14 na 15 na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo. Ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa ya makaburi ya namna hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mji uliokuwapo hapa ulifanya biashara na nchi za ng'ambo. Mabakuli ya kigeni yaliwahi kupachikwa kwenye nguzo za makaburi kama mapambo. Januari 1499, akirudi kutoka India, Mreno Vasco da Gama aliiteketeza meli yake São Rafael kwenye mafungu yaliyo jirani na hapa, kwa sababu mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Mgeni anayepita kwa basi huliona bango la Tongoni kwa sekunde chache. Mwenye baiskeli anakata kona, anashuka, na baada ya mwendo mfupi yuko ndani ya msikiti usio na paa.

Baada ya Tongoni barabara inapita kwenye minazi na mkonge kuelekea Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho karibu nusu ya safari. Bahari iliyo mbele yake ni sehemu ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki wa vilindi ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za madinosauri, hadi alipopatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Katika maji ya Tanga alianza kunaswa kwenye nyavu za wavuvi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kigombe ni mahali pazuri pa kupumzika: kuna madafu, kuna samaki wa kukaanga, na ngalawa zikirudi asubuhi ufuo mzima huwa soko.

Mkonge unaoandamana na barabara una asili yake pale pale inapokwenda barabara. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na ilipofika ilikuwa imekufa karibu yote, ikabaki 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa upande wa Pangani na kuzaa mashamba yaliyokuja kuijaza Tanga yote. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge, mavuno yakapita tani 200,000 kwa mwaka, kabla ya kamba za nailoni kuangusha bei. Kwa mwendesha baiskeli urithi mkubwa wa mashamba hayo ni njia zake za ndani. Zilichorwa zinyooke ili kusafirisha majani hadi kiwandani, hazina magari isipokuwa trekta la hapa na pale, na zinapita kilomita baada ya kilomita kati ya mistari ya mimea iliyopangwa kwa kamba. Ni ardhi ya watu, kwa hiyo mtu huomba ruhusa kwa mlinzi au ofisi ya shamba kabla ya kuingia. Na ncha ya jani la mkonge ni sindano kamili: jani lililodondoka njiani hutoboa tairi lolote.

Pangani yenyewe ni mji mkongwe kwenye mdomo wa mto unaobeba maji yaliyotoka Kilimanjaro na Meru. Nyumba zake za mawe zenye milango ya kuchonga ni za enzi ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na mji ulikuwa kiini cha vita vya mwaka 1888 na 1889, watu wa pwani walipopinga utawala wa kampuni ya Kijerumani. Kiongozi wao, Abushiri bin Salim al-Harthi, alinyongwa hapa Desemba 1889. Kuvuka mto hadi Bweni, baiskeli hupakiwa kwenye kivuko pamoja na watu na magari, na mradi wa barabara ya pwani una daraja lake la kuvukia mto huu. Upande wa Bweni njia inaendelea hadi fukwe za Ushongo, mwendo unaofaa kwa anayelala huko. Mbele zaidi, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kuna tembo na simba, na hapo si pa kujiendea na baiskeli bila kuuliza wenyeji na askari wa hifadhi.

Waendeshaji wenye nguvu hawarudi kwa njia waliyojia. Kutoka Pangani hupanda kaskazini-magharibi kwa barabara ya udongo inayopita Boza hadi Muheza, kisha hushuka Tanga kwa lami. Pembetatu hii ina kama kilomita 130. Wakati wa kusi imekaa kana kwamba ilichorwa na mtu aliyeujua upepo. Asubuhi mtu anaukabili kwenda Pangani ukiwa haujaamka. Kuanzia Pangani unamsukuma kwa nyuma kwenye kipande kigumu chenye vilima na udongo mwekundu, na kutoka Muheza unampiga ubavuni huku barabara ikiteremka taratibu kuelekea baharini. Akizunguka kinyume, kilomita 45 za udongo anazifanya upepo ukimpiga usoni. Wakati wa kaskazi pembetatu haina upande mzuri, na wanaoijua huiacha hadi Juni.

Barabara ya Muheza ina kilomita kati ya 35 na 40 kutoka Tanga na ndiyo yenye magari mengi kuliko zote. Inabeba mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, malori ya bandarini, matangi ya mafuta na shehena za saruji kutoka kiwanda cha Pongwe. Uzuri wake ni kwamba inapanda polepole, sambamba na reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika Tanzania Bara. Inapita Pongwe na Ngomeni katikati ya mkonge, na kadiri mtu anavyokaribia Muheza ndivyo Milima ya Usambara Mashariki inavyosimama mbele yake. Anayeitumia aondoke alfajiri, akae kwenye bega la barabara, na aziangalie rasta na matuta yaliyo kwenye kila kijiji, kwani malori hufunga breki hapo ghafla na mengine hukwepa kwa kuingia pembeni. Mtu asiyezoea lami yenye malori anafanya vizuri zaidi kupakia baiskeli juu ya daladala hadi Muheza na kuanzia safari huko. Muheza inajulikana nchi nzima kwa machungwa, na katikati ya mwaka marundo yake hupangwa kando ya barabara kwa bei inayomfaa msafiri mwenye kiu.

Kutoka Muheza mambo yanabadilika. Mji uko mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Amani, iliyo mlimani umbali wa kama kilomita 35, iko karibu mita 900. Sehemu kubwa ya kupanda huko imerundikana mwishoni. Hadi Zigi, penye lango la hifadhi na kituo cha zamani cha reli ndogo ya Wajerumani iliyokuwa ikiteremsha magogo, njia inakwenda kwa vilima vya kawaida. Baada ya Zigi inajikunja kona juu ya kona ndani ya msitu kwa kilomita 9 au 10, ikipanda zaidi ya mita 400. Njia ya huko juu ni ya udongo na mawe, na mvua hunyesha hata miezi ambayo Tanga ni kavu, kwa kuwa mawingu yanayotoka baharini hugonga milima hii kwanza. Baiskeli isiyo na gia hapa husukumwa tu. Yenye gia ndogo na matairi mapana humfikisha mtu juu kwa saa moja na nusu au mbili kutoka langoni, akiwa amelowa kwa jasho na ukungu.

Safari hiyo inastahili kila tone la jasho. Wajerumani walianzisha Amani mwaka 1902 kama taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na bustani yao ya miti kutoka pande zote za dunia ipo hadi leo, na baadaye utafiti wa malaria ukapata makao hapo hapo. Msitu unaoizunguka ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, wa kwanza wa daraja hilo nchini. Una mimea, vyura, vinyonga na ndege wasiopatikana kwingineko. Mmea mmoja umetembea mbali kuliko yote: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alituma kwa baba yake Ulaya mbegu za ua dogo la zambarau lililoota kwenye miamba yenye kivuli, na leo ua hilo liko kwenye vyungu vya madirishani kote Ulaya na Marekani, huku lile la porini likizidi kupotea. Mto Zigi unaoshuka kutoka msitu huu ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo maji yake yananywewa Tanga.

Kushuka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda. Breki za mpira zikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na rimu huchemka, na tyubu inaweza kupasuka. Mtindo wa kushuka salama ni kubana na kuachia, breki ya nyuma na ya mbele kwa pamoja, na kupunguza mwendo kabla ya kona. Ndani ya kona breki haiguswi. Pikipiki hupanda zikiwa zimepakia chai, ndizi na abiria, na hazitegemei kukutana na mtu katikati ya njia. Wengi hulala Amani na kushuka asubuhi ya pili, uamuzi wa busara, kwa sababu kwenda na kurudi Tanga kwa siku moja ni safari ya watu wa mashindano.

Kaskazi inapoanza, macho huelekea Horohoro. Barabara hii ya kilomita 65 iliwekwa lami mwanzoni mwa muongo wa 2010 kwa msaada wa fedha za Marekani. Lami yake ni nzuri, na msongamano wake hauwezi kulinganishwa na ule wa Segera, ingawa mabasi ya Mombasa hupita kwa kasi. Baada ya Mto Zigi kuna njia ya kuingia kulia kuelekea rasi ya Chongoleani, mahali palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Tangu kazi hiyo ianze, malori yameongezeka upande huo. Mbele yake ni Wilaya ya Mkinga, nchi ya minazi, mikorosho na mihogo, na mabonde madogo ya mito yanayoifanya barabara ipande na kushuka kidogo kidogo bila kumchosha mtu. Wadigo wa huku na wale wa ng'ambo ya mpaka ni jamii moja, na bada, ugali wa muhogo, kwa samaki ni chakula kinachomrudishia nguvu mwendeshaji aliyeukabili upepo tangu alfajiri. Anayetaka kuvuka hadi Lunga Lunga na kuendelea Ukunda na Likoni awe na pasipoti au hati ya kusafiria, na aonyeshe risiti ya baiskeli akiwa nayo, hasa ikiwa mpya.

Hali ya hewa ya pwani ni adui wa chuma. Chumvi ya hewani hukaa kwenye mnyororo, spoki na nyaya za breki, na baiskeli iliyoachwa wiki mbili bila kufutwa huanza kuota kutu. Dawa yake ni maji baridi na kitambaa baada ya kila safari ya ufukweni, kisha mafuta mepesi kwenye mnyororo. Mafuta mazito hushika mchanga na kusaga meno ya gia. Kwa safari za lami matairi ya milimita 25 hadi 28 yanatosha. Kwa Boza, Amani na njia za mkonge yawe 35 au 40. Kila msafiri abebe tyubu mbili, viraka na gundi, pampu na vyuma vya kutolea tairi, pamoja na maji yasiyopungua lita mbili kati ya kituo na kituo. Kwenye joto la Januari chumvi inayotoka na jasho hurudishwa kwa dafu na chakula chenye chumvi kidogo, na anayeanza kutetemeka au kuacha kutoa jasho juani asimame kivulini mara moja, alowanishwe maji na asiendelee siku hiyo.